Miti ya Mpaka Katika Chumba cha Kuazima

Daktari amenishauri niweke miti ndani ya nyumba. Nilikwenda kwake kwa sababu ya presha na usingizi unaonikimbia. Nilitarajia vidonge, naye akanipa vidonge na mahubiri juu yake: punguza chumvi, mama, tembea, na utafute maua ya kuweka ndani, kwa sababu majani mabichi yanatuliza moyo, na mtu anayeyamwagilia asubuhi anakuwa ameianza siku kwa kutunza kitu badala ya kugombana na kitu. Aliongea vizuri, kijana yule, sikumbishia. Nikaenda moja kwa moja kwa mama anayeuza maua kando ya barabara ya kuelekea Sake, pale anapopanga vyungu vyake juu ya mawe meusi ya volkano, nikamwomba anichagulie kitu kisichokufa upesi.

Akaniinulia chungu kimoja chenye utepe mwekundu. "Beba hii, mama. Iko ya salon, pale munapokeaka bageni. Inasafishaka hewa, na haina kiburi."

Ulikuwa mti wenye majani marefu magumu, yaliyokaa kama ya mahindi lakini yanang'aa, na shina lenye pete pete. Ninyi mliokulia vilima vya Masisi mnaujua, na hamkuuona mara ya kwanza ndani ya chungu. Kwetu haukuwa ua. Harufu ya udongo uliolowa ikanipanda puani, na uso wangu ukawaka kama niko tena darasa la nne na watoto wenzangu wamesimama mlangoni wakichungulia. Muuzaji alidhani sikuupenda, akaanza kunitafutia mwingine.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Kule juu hatugawi mashamba kwa ukuta wala kwa waya. Majirani wawili wanasimama na mashahidi wao, kila kona wanachomeka kipande cha mti huo, wanakula pamoja, na maneno yamekwisha mpaka kwa wajukuu. Ukikata tawi lake hakuna atakayekulaumu, kwa kuwa linaota jingine. Kuung'oa ni kosa ambalo watu wanalitaja kwa sauti ya chini. Na kuupanda kwenye kona za mahali pa mtu mwingine ni kusema, bila kufungua kinywa, kwamba mahali hapo ni pako.

Vita ilipofika kwetu tulishuka Sake, mji ulio chini ya mlima, kama wengine walivyoshuka, na magodoro kichwani na sufuria zikigongana. Dada mkubwa wa mama yangu, tuliyemwita Mama Mukubwa, alikuwa ameolewa pale na Papa Bahati, mtu mwenye nyumba ya mbao na chumba kimoja cha uani alichokuwa akihifadhia makaa. Akatupa chumba hicho. Tuliingia wanne: baba yangu, ambaye tulimwita Papa tu, Mama, mimi na mdogo wangu Baraka, ambaye alikuwa bado hajaota meno yote. Mbao zilikuwa nyeusi, na kila ukiegemea ukuta unaondoka na mgongo mweusi. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Papa Bahati hakuwa na shamba la kumpa mtu jembe, basi siku ya tatu ikapita, na nyingine nyingi, na Papa akabaki mgeni.

Sijui kama mmewahi kumwona mkulima asiye na shamba. Kule kwetu Papa alikuwa mtu wa maneno na vicheko, anayejua kumtania padri. Sake alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akiangalia sakafu. Hakulala. Alisema moyo unampiga kama mtu anayebisha hodi, na chakula kilimkwama. Dirisha letu lilikuwa la ubao mmoja, naye hakutaka lifunguliwe, kwa sababu likifunguliwa watu wa uani wanamwona mwanamume amekaa mchana kutwa. Mama alipikia mlangoni, moshi ukaingia ndani na kukaa, Baraka akakohoa. Mimi nilikuwa na kazi moja kila nikitoka shule: kutembea polepole ili nisifike mapema nyumbani.

Siku ambazo barabara ilikuwa tulivu, Mama alipanda mlima na wanawake wengine kwenda kuchimba viazi kwenye mashamba waliyoyaacha. Wanaume hawakwenda. Mwanamume akikutana na wenye bunduki njiani anabebeshwa mizigo, na si kila mara anarudi. Mama aliondoka na kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akarudi ameinama mpaka unaona utosi wake kabla ya uso wake. Siku moja nilikuwa namsaidia kutoa viazi, nikakuta chini kabisa, ndani ya kitenge cha zamani, udongo. Udongo mweusi wa kwetu, umefungwa vizuri kama unga. Mama akaninyang'anya kitenge haraka.

Sasa, kila mtoto wa kwetu anajua ni nani anayekula udongo. Mama Mukubwa alipokuwa na mimba ya mwisho alikuwa akitafuna udongo mweupe wa sokoni kama biskuti. Nikahesabu viazi na vichwa vya chumba chetu, nikaona mtoto mwingine anakuja kulala juu ya miguu yangu. Nilikasirika kweli. Kwa majuma kadhaa nilimtazama Mama tumbo nikimlaumu, naye maskini alikuwa anakonda.

Kumbe udongo ulikuwa wa Papa. Alikuwa amepata habari kwamba jirani yetu wa juu, aliyerudi kabla ya wengine, ameanza kulima akielekea upande wetu. Kwa hiyo alimtuma Mama akate kipande cha mti wa mpaka katika kila kona ya shamba letu, na achote udongo wa kona hiyohiyo. "Kama batang'oa ile," alimwambia, "siye tutakuwa tungali na ingine." Mama alipomaliza kona zote, Papa aliinuka kwenye kigoda. Alikusanya makopo ya mafuta ya msaada na bidoni la njano la kuchotea maji akalikata vipande viwili. Akapanda. Kisha akaviweka chumbani kama vilivyokaa shambani: kona ya mtoni karibu na mlango, kona ya mawe penye magodoro, kona ya kwa jirani chini ya dirisha, na kona ya njia ya kanisa pale Mama anapoweka sufuria. Alinifundisha kila moja, na mimi nikaitikia nikiangalia mlango, nisije nikaonekana.

Nitasema ukweli kuhusu yaliyofuata, kwa sababu daktari wangu angefurahi kuyasikia. Papa alianza kuamka kabla yetu. Alichovya kitambaa kwenye maji akapangusa kila jani, juu na chini, kwa sababu vumbi la makaa lilikuwa linayakaba. Miti ilitaka mwanga, basi akafungua dirisha, dirisha lilelile alilokuwa amelikataa. Moshi ukapata njia. Baraka akaacha kukohoa. Papa akaanza kula, na jioni moja nikamsikia akikoroma, nikadhani ni mtu mwingine. Kama ni majani yaliyomponya au ni dirisha, au ni kule kuwa tena na kitu kinachomsubiri asubuhi, mimi si mganga. Najua tu kwamba alikuwa anakufa polepole, kisha akaacha kufa.

Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto haoni uzima wa baba yake akiwa anaona aibu. Kilichokuwa mbele ya macho yangu ni kwamba kwetu miguu ya wanaolala inagonga makopo. Kwamba yunifomu yangu, blauzi nyeupe, ilikuwa na alama ya udongo mgongoni, na mwalimu aliniuliza mbele ya wote kama nalala shambani. Rafiki yangu Espérance alinifuata hadi nyumbani siku moja kuazima kalamu. Alisimama mlangoni, akamwona Papa amepiga magoti anapangusa jani kwa kitambaa kile tunachofutia meza, huku akilisemesha polepole. Espérance hakucheka pale. Alicheka kesho yake, akiwa na wenzake wa kutosha. Nikaitwa mtoto wa anayelima mu nyumba. Kwenye bomba la maji wasichana wakubwa waliniuliza mavuno yakoje. Nilimchukia kila mtu kwa zamu, na Papa nilimchukia zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa hajui kuwa tunachekwa, au alikuwa anajua na haoni neno.

Ikatokea Mama Mukubwa akaingia chumbani kwetu kutafuta beseni lake. Alikuwa hajaingia tangu tuhamie, kwa heshima. Nilikuwa nakunja magodoro. Akatazama kona ya mlango, akatazama kona ya dirisha, na nikaona macho yake yanamaliza kona zote za chumba. Alizaliwa Masisi, hakuhitaji kuelezwa. Akaweka mkono kinywani.

"Yoo, mama. Nani alipanda vile?"

"Papa," nilisema.

Akatoka kinyumenyume bila beseni.

Jumapili baada ya misa tuliitwa uani. Papa Bahati alikuwa ameketi kwenye benchi na mashemasi wawili wa kanisa, na katikati yao nyumbakumi, mzee anayeangalia amani ya nyumba za mtaa wetu. Papa alipewa kigoda kilichokuwa chini kuliko benchi. Mama na mimi tulisimama ukutani, Baraka mgongoni kwa Mama. Watu wa nyumba jirani walikuwa wamekuja na shughuli zao, huyu anapeta maharage, yule anasuka mtoto wake, ili wapate sababu ya kusikiliza.

"Papa Furaha," nyumbakumi alianza. Furaha ni mimi. "Weye uko muntu ya Masisi, na siye tuko bantu ya Masisi. Hakuna muntu anapandaka mupaka mu nyumba ya mwenzake. Weye ulipanda mu kona zote ine. Tufasirie."

Papa akaeleza taratibu kama mtu asiye na wasiwasi. Alisema hajagusa udongo wa Papa Bahati hata punje. Mti ni wa shamba lake la juu, na udongo ulio kwenye makopo pia umetoka huko huko, mke wake aliubeba mgongoni.

Nilifikiri ameshinda. Nyumbakumi alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Njo inakuwa mubaya zaidi, ndugu. Unabeba udongo ya kwenu, unaiweka mu kona za nyumba ya muntu, na juu yake unaweka mupaka. Kesho kutwa batoto yako batasema nini? Batasema hapa ni kwetu, na udongo itakuwa shahidi yabo."

Papa Bahati hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kupoteza kiwanja kwa ndugu yake mwenyewe, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Nilikupatia fasi ya kulala," alisema, "sikukupatia parseli ya kuweka mupaka. Kama ni vile, kesho mutafute fasi ingine."

Ilikuwa msimu wa mvua. Mama alimgeuza Baraka kutoka mgongoni akamkumbatia kifuani, kama vile tumeshatolewa nje. Mama Mukubwa alikuwa mlangoni kwake anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, bila kuthubutu kumpinga mume wake mbele ya kanisa. Papa alimtazama Mama, akamtazama Baraka, akanitazama mimi. Kisha akainamisha kichwa, na sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo.

"Basi munisikilize. Kichwa yangu haiko sawa. Tangu tutoke kule juu, haiko sawa. Siko muntu ya kupigania parseli ya bengine. Niko mugonjwa. Ile miti njo dawa yangu. Muniachie yo, vile munaachiaka mugonjwa dawa yake."

Anayepeta maharage aliacha kupeta. Kisha nikaona kitu ambacho sikukielewa wakati ule: wote walifurahi. Papa Bahati alipumua mpaka mabega yakashuka. Nyumbakumi alisema "Aah, mugonjwa," kwa upole, kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake baada ya kuutafuta nyumba nzima. Mtu mwenye akili akipanda mpaka kwako anataka ardhi yako. Mgonjwa akiupanda, ni ugonjwa tu. Hakuna kesi, hakuna wa kufukuzwa.

Mashemasi wakainuka kumwombea. Waliweka mikono juu ya kichwa chake, na nyumbakumi naye akaweka wake. Mikono ilikuwa mingi, kichwa cha Papa kikasukumwa chini hadi kidevu kikagusa kifua. Waliomba kwa sauti kubwa ili akili yake irudi. Kila walipotua walimwambia, "Sema amina," naye alisema amina. Baba yangu, aliyekuwa akiitwa kusuluhisha ugomvi wa watu wazima kule juu, alisema amina kama mtoto anayefundishwa. Espérance alikuwa juu ya ukuta wa mawe anaangalia. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Bado natamani hivyo nikikumbuka.

Wakatoa sharti moja. "Ziweke fasi moja," nyumbakumi alisema. "Zikuwe maua, zisikuwe mupaka." Papa akaingia, akayatoa makopo kwenye kona zake, akayapanga yote pamoja chini ya dirisha. Na kweli yakawa maua. Mama Mukubwa mwenyewe alileta mengine, ua jekundu kwenye sufuria iliyotoboka, na kimea cha kutambaa kilichopanda hadi juu ya dirisha, na kwa mara ya kwanza chumba cha makaa kikawa na sura. Baadaye akaomba kipande cha mti wa mpaka kwa ajili ya salon yake, kisha akasema tangu akiweke, kichwa hakimwumi tena akirudi sokoni. Hakuna aliyemuita mgonjwa.

Papa ndiye aliyekuwa mgonjwa. Jina lilimganda. Watu wakimkuta njiani walimsalimu kwa sauti ya juu, neno moja moja, "Papa, dawa inaendelea?", na yeye akaitika, "Inaendelea." Watoto walinyamaza akipita, halafu wakacheka. Shuleni sikuitwa tena mtoto wa anayelima, niliitwa mtoto wa mugonjwa. Na mimi niliamini. Niliyasikia kwa masikio yangu kutoka kinywani mwake. Nikawa namchunguza akila, nasubiri afanye kitu cha kichaa. Akinipa mkono njiani nilijifanya nafunga kiatu. Nililala nikiamini kwamba kuna siku kichwa chake kitaharibika zaidi na atatusahau majina.

Nilikuwa darasa la sita hali ilipotulia kidogo, na chefu, mkuu wa kijiji chetu, akatoa neno kwamba mwenye malalamiko ya shamba apande mlima aende kwake. Mama alikuwa amelala na malaria. Papa akaniambia nimsindikize, nibebe makopo mawili na yeye mawili. Nilikwenda nikiwa na hofu: mimi peke yangu mlimani na mtu mgonjwa wa akili.

Kabla hatujafika nusu ya mlima, hofu ilikuwa imekwisha. Papa alikuwa anatembea kama mtu anayevua nguo zilizombana. Alijua kila shamba ni la nani na lilizaa nini. Alimtania mama mmoja anayechunga ng'ombe mpaka yule mama akakaa chini kwa kicheko. Alinionyesha ndege, alinionyesha kisima, alipumzika mahali palepale ambapo baba yake alikuwa akipumzika. Sikuvumilia.

"Papa, weye uko mugonjwa kweli?"

Alicheka kicheko chake cha zamani. "Ile nyumba ilikuwa inaomba mugonjwa, mama. Nikaipatia mugonjwa." Papa aliniita mama kila alipofurahi, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Aliendelea kupanda. Mimi nilibaki nyuma kidogo, na kopo la mtoni kifuani. Nilikuwa nimeionea aibu akili yake kwa muda wote huo, na akili hiyo ilikuwa nzima kuliko ya wote waliomwekea mikono. Nililia nikitembea, bila sauti, ili asisikie.

Shamba lilikuwa limeliwa. Kona za upande wa jirani zilikuwa zimeng'olewa, maharage yake yamevuka hadi katikati. Tukakusanyika mbele ya nyumba ya chefu, wanaume kwenye mabenchi, mimi nimesimama nyuma ya Papa. Papa aliweka makopo chini mbele ya chefu, moja baada ya jingine, akasema hili ni la mtoni, hili la mawe, hili la kwa jirani, hili la njia ya kanisa, na udongo wenyewe huu hapa, mnaweza kulinganisha. Aliongea vizuri. Niliona wazee wawili wanatikisa vichwa kukubali.

Jirani yetu alingoja amalize. Hakufoka. Alisimama na kofia mkononi na huruma usoni.

"Chefu, siye tusichokoze mugonjwa. Sake muzima inajua. Alisema na kinywa yake, mbele ya kanisa, kama kichwa yake haiko sawa na kama hii miti ni dawa. Leo dawa imegeuka mupaka?"

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Wanawake wa kijiji wanauza Sake kila siku ya soko, habari ilikuwa imepanda zamani. Chefu akamgeukia Papa. "Ni kweli ulisema?"

"Ni kweli, nilisema."

"Ulikuwa mugonjwa, ao hapana?"

Papa aliinamia makopo yake. Mimi sikuweza kustahimili kumwona ameinama tena mbele ya watu. Mtoto wa kike hasemi pale. Nilisema.

"Papa haiko mugonjwa! Hajakuwa mugonjwa hata siku moja! Alisema vile ili batuachie nyumba tu!"

Kuna aliyecheka, kuna aliyeniambia nyamaza. Chefu aliinua mkono watulie. Hakukasirika, alinitazama kwa makini kama ninyi mnavyomtazama mtoto aliyesema neno lenye akili.

"Basi, mutoto, kama kichwa yake ilikuwa sawa, ile miti mu kona za nyumba ya muntu ilikuwa ya nini? Ilikuwa mupaka?"

Nilimtazama Papa anisaidie, na nikaona kwamba yeye alikuwa ameliona swali hilo zamani, pengine kabla hatujatoka Sake, na alikuwa anaomba tu lisiulizwe. Kama si mgonjwa, basi alipanda mpaka kwa shemeji yake kwa akili timamu. Neno hilo lingeshuka mlima na wanawake wa soko kabla yetu. Mama alikuwa amelala na homa katika chumba kile, na Baraka pembeni yake.

Papa akageuka kwenye kigoda, akaweka mkono begani kwangu.

"Ikala, mama," aliniambia polepole. "Tungali tunalala kwa bantu."

Kisha akamgeukia chefu, akasema mtoto ananena hivyo kwa sababu anampenda baba yake, wamsamehe, na kwamba mgonjwa alikuwa ni yeye. Mwandishi wa chefu akainama kuandika kwamba miti ile ni dawa, si mpaka. Nikakaa chini, kwa sababu alikuwa baba yangu na alikuwa ameniambia nikae.